Bitana ya Ndege

"Hivi dada, unamshonea mumeo ndege au unamshonea sanda?"

Swali hilo lilivuka ukuta mchana mmoja, kutoka kwa jirani mfuga kuku. Lilimkuta mshonaji ameitoa meza ya kulia chakula uani na kuitandikia kitambaa cheusi kinachong'aa, pembe nne amezigandamiza kwa pasi, mkebe wa vifungo, jagi la maji na tofali. Jirani hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa mdomo mwepesi na moyo mweupe, na kila alipotoka kuokota mayai alitafuta mtu wa kumtupia neno.

Mshonaji alicheka mpaka chaki ikamponyoka.

"Namshonea vyote viwili," alijibu. "Kitakachowahi ndicho atakachovaa."

Jirani akacheka na kurudi kwa kuku wake. Lakini mshonaji alipoinama kuokota chaki, kicheko kilikuwa kimemkauka. Akasema kimoyomoyo, kama alivyozoea kila akianza kazi, "Mungu wangu, uushike mkono huu." Kisha akaendelea kukata.

Mama huyu alikuwa na miaka hamsini na saba wakati huo. Alimaliza shule ya msingi, akaishia hapo, kwa sababu shangazi yake aliyemlea alikuwa na cherehani mbili na mtu mmoja tu wa kuzikalia, naye ndiye huyo shangazi. Basi msichana akawekwa kwenye cherehani ya pili. Shangazi hakuwa mkali wa fimbo, alikuwa mkali wa jicho. Ukimpelekea gauni ulilomaliza, haliangalii nje. Analigeuza ndani kwanza, anapitisha kidole kwenye kila mshono, na akikuta bitana, kitambaa cha ndani, imechungulia chini ya upindo hata kwa upana wa uzi, analifumua lote mbele yako bila kusema neno.

"Nguo ikichungulia bitana," alikuwa akisema, "aliyeumbuka si aliyeivaa. Ni aliyeishona."

Kwa malezi hayo msichana akawa fundi. Alishona sare za shule, magauni ya maharusi, mapazia ya ofisi, na alipofika miaka ishirini na tatu akapata kazi ya kushona vitambaa vya viti vya mabasi. Huko ndiko alikompata mume. Au mume ndiye aliyempata, maana mpaka leo wanabishana. Alikuwa fundi wa bodi za mabasi, kijana mrefu mwenye nyundo mkononi na vumbi la alumini kwenye nyusi. Siku ya kwanza alipoambiwa amwonyeshe mshonaji viti, alivihesabu mara tatu. Viti vilikuwa ishirini na vinne mara zote tatu, lakini kijana alisema ni vizuri kuhakikisha.

Waliishi vizuri. Watoto watatu walikua, wakaoa na kuolewa, wakahamia kwao. Fundi bodi alifanya kazi yake miaka thelathini na mitano, na katika miaka hiyo alikuwa akiitwa mara kwa mara kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, kunyoosha mabati yaliyobonyea. Kila akitoka huko alirudi kimya kimya kama mtu aliyeona kitu akakosa wa kumwambia. Alipostaafu, alirudi siku moja na mkoba mrefu wa michoro.

"Nini hicho?" mkewe akamuuliza.

"Ndege."

"Ya nani?"

"Yetu. Ina viti viwili."

Mshonaji alimtazama usoni, akaona hatanii. Akamwambia, "Baba, hata baiskeli tunayo moja." Lakini baada ya wiki mbili banda lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba, na kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa imehamishiwa mbele, ambako wapita njia wote walizihesabu shuka zake.

Ndege yenyewe haikuwa ya bati. Ilikuwa ya kitambaa. Kitambaa cha kaboni, cheusi, kilichofumwa kama mkeka. Unakitandaza juu ya umbo, unakilowesha kwa gundi ya makopo mawili inayochanganywa, na kikikauka kinakuwa kigumu kuliko ubao na chepesi kuliko kikapu. Fundi bodi aliyajua mabati kama anavyozijua kucha zake. Kitambaa hakukijua. Siku ya kwanza alikikata kwa mkasi wa bati, na kila alipokigusa ncha zikachomoka, nyuzi zikatawanyika sakafuni kama nywele kwa kinyozi. Mkewe alipopeleka chai alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika kichwa.

"Kimekataa," alisema.

"Kimekukataa wewe," mkewe alimjibu. "Sogea."

Alibandika utepe wa karatasi mahali pa kukatia, akachora mstari juu ya utepe, akakata katikati yake kwa mkasi wake mwenyewe wa nguo. Hakuna uzi uliotoka. Mumewe akatazama kile kipande, akamtazama na yeye, akaomba kwa adabu kabisa kama mwanafunzi: "Mama, na hapa wanaposema kitambaa kilazwe kwa pembe, siyo kufuata nyuzi, ni nini hiyo?"

"Si mshazari tu?"

"Ndiyo nini?"

"Miaka yote hii umelala na mshonaji hujui mshazari! Sketi inayokaa vizuri kiunoni imekatwa mshazari. Kitambaa kikikatwa hivyo kinafuata mwili, hakivutani."

Tangu siku hiyo kazi ya vitambaa ikawa ya mshonaji. Asubuhi alishona sare za watoto wa watu, mchana alikata na kulowesha mabawa. Mtaani mzee alipachikwa jina la Rubani wa Banda, naye akalipokea kwa kicheko. Mkewe hakupachikwa jina lolote, maana ukimtoa jirani mfuga kuku, hakuna aliyedhani kwamba anajenga kitu. Waliona mwanamke anayempelekea mume wake chai.

Sasa, kwenye ndege ile palikuwa na mahali kumi na moja ambapo alumini ilikutana na kaboni. Ni vishikio, vipande vya alumini vyenye umbo la soli ya kiatu, vinavyofungwa kwa bolti ili kushika vile vinavyochezacheza: vibao vya mabawa, usukani, na kibao cha mkia kinachopanda na kushuka, ambacho ndicho huinua pua ya ndege au kuiinamisha. Chini ya kila kishikio michoro ilitaka pawekwe kwanza kitambaa kingine, cheupe, cha nyuzi za glasi, kati ya ile alumini na ile kaboni. Mzee alipenda kusema kwa lugha ya mkewe. "Hiki," alimwambia, "ni bitana. Kiache kitoke nje ya kishikio upana wa kidole gumba, pande zote." Hakusema kwa nini. Naye hakuuliza. Kwa mshonaji, bitana haihitaji sababu.

Vishikio tisa waliviweka pamoja, mzee akisimamia kwa rula. Viwili vya mkia vilibaki, na hapo mzee akashikwa na ngiri, akalazwa siku tisa. Gundi ilikuwa inakaribia kuisha muda wake. "Weka tu bitana," alimwambia mkewe akiwa kitandani hospitalini, "kishikio nitafunga mwenyewe nikitoka." Mkewe akafanya kama alivyoagizwa. Akachora umbo la kishikio kwa penseli, akalaza kitambaa cheupe, akakiacha kitoke nje upana wa kidole gumba, akalowesha, akaenda kulala.

Asubuhi alikuta kimekauka. Akasimama mbele ya mkia wa ndege akiwa na kikombe mkononi. Ile nyeupe ilikuwa inachungulia nje ya mstari wa penseli, pande zote, kama petikoti ya mtu aliyevaa kwa haraka.

Hakuwaza sana. Kama angewaza, hadithi hii isingekuwepo. Vidole vyenyewe ndivyo vilivyofanya, vidole vilivyofumuliwa kazi mbele ya macho yao miaka arobaini iliyopita. Alichukua kisu chembamba, akakata ile ziada kufuata mstari, kisha akapitisha msasa mpaka ukingo ukawa laini, na msasa ukala hata ndani ya mstari kidogo, unene wa ukucha. Ikapendeza. Alijisemea kwamba kile kishikio kikikaa, hakuna atakayejua kuna bitana.

Mzee alipotoka hospitalini alikuja bandani akitembea taratibu na mkono tumboni, akapapasa kazi ile kwa kidole gumba. "Safi kama ya harusi," alisema. Hakupima. Kwa nini apime? Mkono wa mkewe haukuwahi kumwangusha. Akafunga vishikio viwili juu yake, akakaza bolti, na baadaye wakaupaka mkia rangi nyeupe.

Miaka minne ikapita. Mzee alijifunza kurusha ndege pale kiwanjani, kwa mwalimu mmoja mwenye subira, akapata cheti chake akiwa na miaka sitini na saba. Ndege ikakamilika. Kilichobaki ni mkaguzi kuja, Ijumaa, na akiipitisha, Jumapili mzee ataiinua mwenyewe.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mwezi uliotangulia daktari, ambaye kila mwaka huwapima marubani, alimsikiliza mzee kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Moyo wako unaruka hatua," alisema. "Mwaka huu nakupitisha. Mwakani, mzee, tusidanganyane." Kwa hiyo wote wawili walijua kwamba ni Jumapili hiyo na miezi michache baada yake, au basi.

Jumatatu ya wiki ya ukaguzi jirani mfuga kuku alileta mayai sita, akayaleta mpaka bandani kwa sababu udadisi nao una miguu. Akazunguka ndege mikono nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. Akakuta mahali karibu na bawa kitambaa cheupe kinatokeza pembeni mwa kishikio.

"Rubani, hapa umeishiwa cheusi ukaweka kiraka?"

"Siyo kiraka, mama. Hiyo ni bitana." Mzee alifurahi kuulizwa. Mkewe alikuwa anaingia na chai. "Unajua, kaboni na alumini ni kama wake wenza. Kila mmoja peke yake ni mtu mzuri. Waweke wagusane, halafu pawe na unyevu kidogo, umande tu, tone la mvua, basi inakuwa kama betri. Umeme mdogo unapita, na alumini inaliwa."

"Inaliwa na nani?"

"Na mwenzake. Kimya kimya. Inageuka unga mweupe kama wa mkate, inaisha ndani huku nje rangi inang'aa. Ndiyo maana bitana lazima itokeze. Ikikatwa ukingoni tu wakagusana, imekwisha kazi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," jirani alisema.

"Hapo umenena."

Mshonaji aliweka sinia juu ya meza ya kazi. Aliiweka vizuri kabisa, hakumwaga hata tone. Kisha akasema ana nguo ya mtu ya kumalizia, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga.

Mzee alipokwenda kumsindikiza jirani na kupiga soga getini, mkewe alirudi bandani kwa mlango wa nyuma. Alikwenda moja kwa moja mkiani. Juu ya mkia ndipo paa lilipovuja misimu miwili ya mvua, wakawa wanatega ndoo. Alipiga magoti, akatazama ukingo wa kishikio cha kulia. Rangi ilikuwa imevimba mahali pamoja, uvimbe mdogo kama punje ya dengu. Alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akautoboa. Ukatoka unga mweupe, ukamwangukia kwenye ukucha.

Hapo akafanya jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko lile la kisu. Alisikia sauti ya mumewe inarudi, inacheka, inasema "Jumapili, Mungu akipenda!" Kopo la rangi lilikuwa rafuni. Alichovya ncha ya kidole, akapaka juu ya tundu la sindano, akapalainisha. Palikaa kana kwamba hapajawahi kuguswa.

Alijiambia maneno mengi siku hiyo. Alijiambia mkaguzi atakuja na vyombo vyake, ataona mwenyewe. Alijiambia labda ni juu juu tu. Alijiambia mzee akiambiwa avunje mkia sasa, mwaka utapita, na daktari ameshasema. Alipopiga magoti kusali, kila sala aliyoianza ilifika kwenye neno la "unilindie mume wangu," ikagoma. Utamwombaje Mungu alinde kitu ambacho wewe mwenyewe umekifunika kwa kidole? Jumanne nayo ikawa hivyo hivyo. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja la mteja, jambo ambalo halijamtokea tangu utoto.

Jumatano mchana alimwita mumewe kutoka bandani.

"Njoo ule kwanza."

Mzee akasimama mlangoni akijifuta mikono. "Ukiniambia 'kwanza' ujue kuna mtu amekufa."

"Hakuna aliyekufa."

"Basi sema, nitakula baadaye."

"Bitana ya mkia niliikata," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ulipokuwa hospitali. Ilikuwa inachungulia. Nikaikata sawasawa na mstari, hata ndani ya mstari. Vyote viwili. Sikujua, baba. Nimejua juzi, ulipokuwa unamweleza jirani."

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri amaliziwe utani. Alipoona mwenzake hacheki, alirudi bandani bila kuvaa viatu vyake vya nje. Mkewe akamfuata. Mzee alipapasa ule ukingo, ukucha wake ukazama kwenye rangi mbichi. Akautazama ukucha. Akachukua spana, akafungua bolti za kulia moja moja, akaziweka kwenye kisahani, akakitoa kishikio na kukigeuza.

Upande wa chini ulikuwa umetafunwa kama mkate uliofikiwa na panya. Alikishika kwa mikono miwili akakikunja kidogo tu, si kwa nguvu, kikakatika kwa sauti ya biskuti.

Wote wawili wakasikia sauti hiyo.

"Huku juu kilikuwa kizima," mzee alisema. "Mkaguzi angetingisha, kingekaa. Ijumaa angenipitisha. Jumapili ningevuta usukani, pua iinuke, na hiki..." Hakumalizia. Akakaa kwenye ndoo. Kisha akanyanyua ukucha wake wenye rangi. "Na hii?"

"Ni mimi. Jumatatu."

"Jumatatu."

"Nilitaka uruke. Daktari amesema mwakani..."

"Najua alichosema daktari. Nilikuwepo." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Bitana ulikata hujui, mama. Rangi je?"

"Rangi nilipaka najua."

Mzee akanyanyuka, akatoka kwa geti, akatembea. Watu walimwona hadi upande wa pili wa mji, pekupeku, na mtaani wakasema Rubani wa Banda sasa amechanganyikiwa kweli. Alirudi jua linazama. Akanawa miguu, akala kile chakula kilichopoa, akalala. Mkewe alilala ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

Alhamisi asubuhi aliamka akakuta chai imechemshwa, jambo ambalo mzee hulifanya mara mbili kwa mwaka. Alikuwa amekaa mezani, vile vipande viwili vya kishikio vimelazwa mbele yake.

"Nimefikiri," mzee alisema. "Nilikwambia ni bitana. Sikukwambia ni kinga. Mtu akimwambia mshonaji bitana, halafu akashangaa amekata iliyochungulia, mjinga ni nani?"

"Lakini rangi..."

"Ya rangi bado inaniuma. Usiniharakishe." Akammiminia chai. "Siku mbili ulikaa nayo. Lakini siku ya tatu ulisema. Kunywa, inapoa."

Ijumaa mkaguzi alikuja kama ilivyopangwa, mwanamume mwembamba, asiye na haraka, mwenye kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno. Hawakumficha. Walimwonyesha kishikio kilichokatika kabla hata hajaweka mkoba chini. Alikigeuza, akakinusa, akapiga mluzi.

"Mzee, mmeniokolea usingizi wa maisha yangu yote," alisema. "Fungueni vyote kumi na moja. Nyanyueni kila bitana, tazameni kila ukingo. Mkia mkate upya. Mkimaliza niiteni."

"Miezi mingapi?" mzee akauliza.

"Wewe ndiye fundi. Unajua."

Ilichukua minane. Vishikio tisa walivyoviweka pamoja vilikutwa safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Cha kushoto cha mkia kilikuwa kimeliwa nusu. Walikata, wakasugua, wakalaza kaboni upya, na juu yake cheupe. Mzee alirekebisha pia paa. Na mshonaji, aliyekuwa hajawahi kuuliza swali bandani, sasa alikuwa hafanyi kitu bila kuuliza.

"Kwa nini gundi hii na siyo ile?"

"Kwa nini bolti ipakwe mafuta kwanza?"

"Kwa nini tusubiri saa kumi na mbili na siyo kumi?"

"Umekuwa mtoto wa chekechea," mzee alilalamika. "Nikikujibu moja unazaa mengine matatu."

"Nijibu tu, baba."

Naye akamjibu, yote, kila siku, mpaka akagundua kwamba mengine na yeye alikuwa akiyafanya bila kujua sababu, ikabidi waende wote wawili kumuuliza mwalimu kiwanjani. Yule mwalimu alimzoea mama huyu akawa anampa kiti.

Mwezi wa saba wa kazi hiyo, mwaka mpya wa vipimo ukiwa umeingia, mzee alikwenda kwa daktari. Alirudi akaweka karatasi chini ya birika, akakaa.

"Nimefeli mtihani," alisema, "na hakuna wa kunipiga."

Mkewe akajifuta macho. Mzee akamshika kiganja, kile chenye sugu ya mkasi.

"Usilie bwana. Viti ni viwili. Mwalimu atakaa kushoto kwa rubani, mimi nitakaa kulia. Kulia ndiko wanakokaa mabosi." Akaitazama ile karatasi. "Ningetaka kushoto. Sitakudanganya. Lakini ningekaa kushoto mwaka jana, leo usingekuwa na wa kumchemshia chai."

"Unachemsha wewe siku hizi."

"Ndiyo, nalo hilo ulitazame."

Mkaguzi aliitwa. Alikuja Jumatano moja yenye jua, akatumia kioo chake saa tatu nzima, akaingiza kidole kila mahali. Jirani mfuga kuku alisimama ukutani kwake akitazama, na safari hii hakutania. Mwishowe mkaguzi akafungua mkoba, akatoa daftari la ndege, lile linalobaki na ndege maisha yake yote hata ikiuzwa, akaliweka juu ya bawa. Kwenye ukurasa wa makosa yaliyopatikana na kurekebishwa, akaandika tarehe.

"Chanzo cha kosa," alisoma. "Hapa naandika nini?"

"Andika mjenzi alikosea," mzee alisema haraka. "Mjenzi ni mimi. Jina liko ukurasa wa kwanza."

"Si kweli," mkewe akasema.

"Mama, acha. Kitabu hiki watu watakisoma miaka na miaka. Kwa nini wasome kosa lako? Niliyefunga bolti ni mimi. Niliyepapasa nisipime ni mimi. Bwana mkaguzi, andika."

Mkaguzi alishika kalamu hewani, akawatazama kwa zamu. Alikuwa amekagua ndege nyingi, na mara zote watu walikuwa wakisukumiana kosa, siyo kunyang'anyana.

Mshonaji alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa safi. Akasogea karibu na bawa, akaweka kidole kwenye mstari ule mtupu wa daftari, na akasema taratibu, kama mtu anayetoa vipimo:

"Naomba uandike kwamba bitana ya vishikio viwili vya mkia niliikata mimi, mshonaji, na nikapaka rangi kuficha, ili atakayeikagua ndege hii baada yako ajue aanze kutazama wapi."